Mwili Unaokataa Kuanguka: Muundo na Muda katika Kitabu cha Vesalius

Kabla ya kuwapo majokofu na dawa za kuhifadhi maiti, mwanaanatomia alifanya kazi yake akishindana na harufu. Katika vyuo vikuu vya Italia maonyesho ya upasuaji yalingoja majira ya baridi, na hata hapo mpangilio wa kazi haukuamuliwa na mwalimu: tumbo lilifunguliwa kwanza kwa sababu matumbo ndiyo yaharibikayo mapema, kikafuata kifua, kisha kichwa, na mwisho mikono na miguu. Mondino de' Liuzzi wa Bologna, aliyeandika mwongozo wake wa anatomia mnamo 1316, aliupanga mwongozo huo kwa hatua hizohizo, na kwa zaidi ya karne mbili wanafunzi wa tiba waliujua mwili wa binadamu kwa utaratibu uliotungwa na uozo. Andreas Vesalius alipochapisha *De humani corporis fabrica* mjini Basel mwaka 1543, aliupindua utaratibu huo. Kitabu chake, ambacho wengi hukisifu kwa makosa ya tabibu wa kale Galen kiliyoyasahihisha, kinastahili kusomwa pia kama kazi ya sanaa yenye fani iliyofikiriwa kwa makini, na hoja yangu ni kwamba kila sehemu ya fani hiyo inatumikia lengo moja: kumpa msomaji muda ambao maiti haina.

Ili kuona uzito wa uamuzi huo, tuanze na kazi iliyoutangulia. Vesalius alizaliwa Brussels mwaka 1514 katika ukoo wa matabibu, baba yake akiwa mfamasia wa Kaisari Karolo V. Alisoma Paris chini ya Jacobus Sylvius na Guinter wa Andernach, wasomi waliomheshimu Galen kuliko walivyoiheshimu maiti iliyolazwa mbele yao, kisha akahamia Padua, ambako alipata shahada ya udaktari mnamo Desemba 1537 na kesho yake akateuliwa kufundisha upasuaji na anatomia, akiwa na umri wa miaka 22. Mwaka uliofuata alitoa kurasa sita kubwa za michoro zijulikanazo kama *Tabulae anatomicae sex*: mifupa katika kurasa tatu ilichorwa na Jan Steven van Calcar, na mishipa na viungo vya ndani katika tatu nyingine vilichorwa na Vesalius mwenyewe. Michoro hiyo ina ustadi, lakini ini lake lina ndewe tano, kama lilivyo la baadhi ya wanyama, na chini ya ubongo umo wavu wa mishipa ambao Galen aliuona kwa wanyama na ambao binadamu hana. Mkono wa mchoraji ulikuwa tayari umekomaa, ila ulikuwa bado unachora yaliyosomwa. Kilichobadilika kati ya 1538 na 1543 ni uhusiano wa picha na neno, na badiliko hilo ndilo lililodai muundo mpya.

*Fabrica* ina vitabu saba ndani ya jalada moja. Cha kwanza ni cha mifupa na gegedu, cha pili cha kano na misuli, cha tatu cha vena na ateri, cha nne cha neva, cha tano cha viungo vya chakula na uzazi, cha sita cha moyo na jirani zake, cha saba cha ubongo na viungo vya hisi. Msomaji aliyezoea Mondino angeshangaa kukuta tumbo, lililokuwa mwanzo wa kila kitu, limesogezwa hadi kitabu cha tano. Mfuatano huu nauita mfuatano-jenzi, kwa kuwa unauinua mwili kutoka kwenye kile kinachodumu kuelekea kile kinachopotea upesi. Vesalius anautetea mapema anapofafanua kwamba mifupa huufanyia mwili kazi ileile ambayo kuta na boriti huifanyia nyumba, au mkuku na mataruma huifanyia jahazi. Na fundi yeyote ajuaye kazi hataanza na mapambo. Hapa ndipo uchapaji unapoonyesha nguvu yake ya kifikra. Penye kisu, mfupa huja mwisho kwa sababu umefunikwa. Penye ukurasa, mfupa waweza kuja mwanzo kwa sababu ukurasa hauozi. Kitabu kinafanya jambo ambalo jukwaa la upasuaji lisingeweza kulifanya, na kinalifanya kabla hata ya hoja moja dhidi ya Galen kutamkwa.

Hata hivyo, ndani ya mfuatano-jenzi huo umefichwa mwingine unaokwenda kinyume chake. Kitabu cha pili kina picha kumi na nne za ukurasa mzima zinazoonyesha misuli, nane za kwanza zikiuona mwili kwa mbele na ubavuni, sita zinazofuata kwa mgongoni. Katika picha ya kwanza mtu aliyechunwa ngozi amesimama kwa fahari, mkono umenyooshwa, mwili umejaa nguvu kama sanamu ya kale. Picha baada ya picha misuli inakatwa na kuachwa ining'inie kwenye maungio yake, na kwa kadiri inavyopungua ndivyo mwili unavyopoteza uwezo wa kujishikilia, hadi katika mchongo wa saba umetundikwa kwa kamba, na kiwambo cha kifua chake kimebandikwa ukutani kando yake. Huu ni mfuatano-bomozi, na uzuri wake ni kwamba mchoraji hakuupuuza mvutano wa dunia. Angeweza kuuchora mwili uliochunwa ukiwa umesimama vilevile hadi mwisho, kana kwamba misuli ni vazi tu. Badala yake anamfundisha msomaji kazi ya misuli kwa kumwonyesha kinachotokea inapoondoka: anayeona mwili ukilegea hatua kwa hatua ameelewa kusimama ni kitu gani, hata kama hajasoma mstari mmoja wa Kilatini kilicho ukurasa wa pili.

Nyuma ya miili hiyo kuna mandhari: vilima, mto, daraja, magofu, mji kwa mbali. Wanaozipanga picha hizo kwa mfuatano unaofaa wameona kwamba mandhari zake huungana kutoka ukurasa hadi ukurasa na kuwa nchi moja isiyokatika, ambayo wengi huinasibisha na vilima vya Euganei karibu na Padua. Jambo hili ni zaidi ya mapambo. Mwili unabomoka, na ardhi unamosimama inaendelea. Sura ya mbele inahesabu hatua za kisu, sura ya nyuma inakataa kuhesabu chochote. Kwa kuziweka kasi mbili ndani ya fremu moja, mchongo unapata utulivu ambao chumba cha upasuaji hakikuwa nao kamwe, na mtazamaji anapewa nafasi ya kukaa na picha ya kitu ambacho katika hali yake halisi kingemlazimisha aharakishe.

Mifupa ya kitabu cha kwanza inapewa utulivu huo kwa njia nyingine. Ipo mifupa mitatu kamili: mmoja unaoonekana kwa mbele umeegemea sepetu, wa pili umesimama kwa ubavu ukilitazama fuvu lililowekwa juu ya kaburi, wa tatu umeinama kwa majonzi ukitupa mgongo. Msomaji wa leo aliyezoea michoro ya kitabibu anaweza kuona hisia hizi kuwa ni ziada, lakini kila mkao una sababu yake ya kimafunzo. Mfupa unaoinama hufichua uti wa mgongo. Kiwiko kilichokunjwa juu ya kaburi huonyesha ungio ambalo mkono ulionyooka ungelificha. Kichwa kilichoinuliwa huifungua taya ionekane kutoka chini. Huzuni na maarifa vimeshonwa kwa uzi mmoja, na hakuna mkao ambao ungeweza kuondolewa kwa ajili ya kimoja bila kukipoteza kingine.

Mbinu ya ndani zaidi ya kitabu hiki, hata hivyo, ni ndogo kiasi cha kupitwa na jicho: ni herufi. Juu ya kila msuli, kila tundu la mfupa, kila tawi la mshipa, imechongwa herufi ya Kirumi au ya Kigiriki, na kando ya picha kuna orodha inayoeleza herufi hizo moja baada ya nyingine. Pembezoni mwa maandishi kuna vidokezo vinavyomrudisha msomaji kwenye picha iliyopita kurasa nyingi nyuma, au kumtuma kwenye ijayo. Matokeo yake ni usomaji usio wa mstari mmoja. Jicho linatoka kwenye neno, linakwenda kwenye picha, linatafuta herufi iliyofichwa kwenye kivuli cha mbavu, linarudi kwenye orodha, kisha kwenye neno tena, sasa likiwa na shaka au uhakika mpya. Msomaji analazimika kuligawa umbo zima katika vipande na kuliunganisha upya akilini mwake. Kwa maneno mengine, anapasua kwa jicho. Vesalius alilitambua hilo, na barua yake kwa mchapaji Johannes Oporinus, iliyochapishwa ndani ya kitabu chenyewe, inaonyesha jinsi alivyoshughulikia ubora wa uchapaji wa picha na uwazi wa herufi hizo baada ya vibao vya mbao, vilivyochongwa Venice, kuvushwa milima ya Alpi hadi Basel.

Ni kwa mbinu hiyohiyo kwamba Galen anajibiwa. Kusema kwamba Galen alikosea ni rahisi; kujenga picha ambayo ndani yake kosa linaonekana pamoja na chanzo chake kunahitaji fani. Katika kitabu cha kwanza upo mchongo wa fuvu la binadamu lililokalishwa juu ya fuvu la mbwa, bila maelezo yoyote ya kihisia, ili mshono wa taya ya juu ambao Galen aliupa binadamu uonekane pale ulipo kweli, kwa mnyama. Katika mchongo wa tano wa misuli Vesalius anathubutu zaidi: katika mwili wa binadamu anachora msuli wa tumbo ukipanda juu kifuani kama ulivyo kwa nyani na mbwa, kisha katika maelezo ya herufi anatamka wazi kwamba ameuweka hapo ili maneno ya Galen yaeleweke. Huu ni mwingilianomatini ndani ya nyama. Picha inamnukuu mpinzani wake bila kumkejeli, na msomaji anayeruka orodha ya herufi ataondoka na kosa ambalo mwandishi aliliweka makusudi. Kitabu kinamwadhibu mtazamaji mvivu, na hapo ndipo kinapodhihirisha kwamba picha peke yake, hata iwe nzuri namna gani, haikukusudiwa kuaminiwa.

Ukurasa wa jina unatangaza msimamo huo kwa sauti kubwa zaidi. Katika kitabu kiitwacho *Fasciculo di medicina*, kilichochapishwa Venice miaka hamsini kabla, somo la anatomia lina ngazi tatu: msomi kitini juu akisoma, mwonyeshaji chini yake, na mkataji aliyeinama juu ya maiti. Vesalius anaziporomosha ngazi hizo. Yeye mwenyewe amesimama kando ya meza, mkono wake uko ndani ya tumbo lililofunguliwa, na mahali ambapo kiti cha msomi kingekuwa pamesimama mifupa mitupu yenye fimbo mkononi. Wale vinyozi waliokuwa wakikata kwa niaba ya walimu wamesukumwa chini ya meza, wakigombania nyembe. Pembeni wako nyani na mbwa, mashahidi wa anatomia iliyotokana na wanyama. Utunzi huu unabana hoja nzima ya kitabu katika mwonekano mmoja: mamlaka yamehama kutoka kitini hadi mkononi. Picha ya mwandishi iliyo ndani inalirudia wazo hilo kwa ufupi, kwani haimwonyeshi akiandika wala akiwa na rundo la vitabu. Ameshika mkono uliochunwa, na vidole vyake viko kwenye kano zinazokunja vidole vya maiti.

Ukurasa huohuo, hata hivyo, una ukimya wake. Mwili ulio mezani ni wa mwanamke, na katika kitabu cha tano tunaelezwa kwamba alihukumiwa kunyongwa na akadai ana mimba ili aokoe maisha yake, wakunga wakakanusha. Mfuko wake wa uzazi uliofunguliwa uko katikati kabisa ya utunzi, mahali ambapo mistari yote ya picha inakutana, ilhali uso wake umelazwa kwa namna inayoufanya kuwa sehemu ya meza. Ukimya wa pili ni wa mchoraji: Vesalius, anayejionyesha mara mbili akiwa na mkono kazini, hakutaja popote katika kitabu hiki jina la mtu aliyechora. Mkono unaotukuzwa ni mmoja tu, na mikono mingine, ya waliochora, waliochonga na waliokatwa, imetumika bila kutajwa.

Yaliyonyimwa nafasi katika picha kubwa yamepewa makazi katika zile ndogo kabisa. Kila sura inaanza kwa herufi kubwa yenye picha ndani yake, na ndani ya herufi hizo watoto wadogo wenye mabawa wanafanya kazi chafu ya anatomia: wanaiba maiti, wanamshusha aliyenyongwa, wanampasua nguruwe aliye hai. Maandishi nayo hayafichi. Vesalius anasimulia jinsi yeye na rafiki yake Gemma Frisius walivyochukua mfupa baada ya mfupa wa mtu aliyeachwa kwenye mti wa kunyongea nje ya Louvain, na tunajua kwamba huko Padua hakimu Marcantonio Contarini alimpatia miili ya waliohukumiwa kifo. Lakini fani imegawa aibu hiyo kwa hesabu: haraka, wizi na hofu vimewekwa kwenye herufi ambazo jicho huzipita, navyo vimepakwa utoto ili vichekeshe, utulivu umewekwa kwenye kurasa nzima. Mhakiki anayezisoma picha kubwa peke yake anasoma nusu ya kitabu. Muda ule mrefu anaopewa msomaji ulinunuliwa kwa haraka ya wengine, na ni sifa ya kitabu kwamba kimeihifadhi risiti, hata kama kwa maandishi madogo.

Pana mahali pia ambapo fani inamponza mwenyewe. Katika kitabu cha saba jicho limechorwa likiwa limekatwa katikati, na lenzi imewekwa katikati ya duara kwa ulinganifu kamili, ilhali lenzi ya jicho la binadamu iko mbele. Mchoro ni mzuri mno, na pengine uzuri huo ndio uliosaidia kosa lipite. Kinyume chake ni ukuta unaogawa moyo. Galen alihitaji matundu katika ukuta huo ili damu ipenye kutoka kulia kwenda kushoto. Mwaka 1543 Vesalius, asiyeyaona matundu hayo, anastaajabia uwezo wa Muumba anayeipitisha damu mahali pasipoonekana njia. Katika toleo la pili la 1555, lililotoka kwa Oporinus yuleyule, staajabu hiyo imegeuka kuwa shaka ya wazi. Hapakuwa na picha nzuri ya kuyaziba matundu yasiyokuwapo, na kwa hiyo neno lililazimika kuendelea kufanya kazi hadi likasema kweli. Toleo hilo la pili, hata hivyo, lina hasara yake: ukurasa wa jina ulichongwa upya kwa mkono mzito zaidi, na mifupa iliyoshika fimbo ikapewa fyekeo la mauti, ishara iliyochoshwa na matumizi, ambayo inairudisha picha kwenye mahubiri ambayo ile ya kwanza ilikuwa imeyaepuka.

Mwaka uleule wa 1543 zilitoka kazi mbili ndogo zinazothibitisha kwamba muundo huu haukuwa bahati. Ya kwanza ni *Epitome*, muhtasari aliotunukiwa mwanamfalme Filipo, ambao baadhi ya kurasa zake zimekusudiwa kukatwa kwa mkasi na kubandikwa tabaka juu ya tabaka hadi mwili wa karatasi ukamilike. Hapo mfuatano-jenzi unatoka akilini na kuingia vidoleni mwa msomaji. Ya pili si ya karatasi: akiwa Basel kusimamia uchapaji, Vesalius aliupasua mwili wa Jakob Karrer, mhalifu aliyeuawa kwa hukumu, akaiunganisha mifupa yake na kuiacha kwa chuo kikuu, ambako ipo hadi leo. Kitabu, karatasi na mifupa vinasema jambo moja kwa vyombo vitatu: mwili hujulikana unapojengwa upya.

Yaliyofuata katika maisha yake yanaelezwa haraka. Alichoma maandishi yake mengi kwa hasira, akaingia utumishi wa Karolo V na baadaye wa Filipo, akashambuliwa na Sylvius kwa kijitabu kikali mwaka 1551, na akafariki Zakynthos mwaka 1564 akirejea kutoka hija ya Yerusalemu. Vibao vya mbao vilimzidi umri kwa mbali: vilichapwa kwa mara ya mwisho Munich mwaka 1934, kisha vikateketea kwa mabomu ya Vita Kuu ya Pili. Lakini urithi wa fani una kipimo kingine. Gabriele Falloppio, aliyefundisha Padua baada yake, alichapisha mwaka 1561 kitabu kinachomsahihisha Vesalius kwa heshima na kwa ukali, jambo ambalo msomaji aliyelelewa na *Fabrica* alikuwa ameandaliwa kulifanya, kwani kitabu chenyewe kilikuwa kimemzoeza kutoiamini picha bila herufi, wala neno bila mwili.

Mgawanyiko ulioanzishwa mwaka 1543 haujafungwa. Hadi leo vitabu vya anatomia ni vya aina mbili: vile vinavyoufuata mwili kwa maeneo, kifua kisha tumbo kisha kichwa, na vile vinavyoufuata kwa mifumo, mifupa kisha misuli kisha mishipa. Aina ya kwanza bado inatii kisu na meza. Ya pili inatii ukurasa, na kila anayeitumia anakubali, ajue asijue, dai la Vesalius kwamba mpangilio wa maarifa una haki ya kutofautiana na mpangilio wa kuyapata. Dai hilo lilitolewa kwa muundo kabla ya kutolewa kwa maneno, na ndiyo maana uhakiki wa fani, ambao mara nyingi huachiwa riwaya na mashairi, una kazi halali katika kitabu cha tiba.